Kicheko cha Dakika ya Kumi na Mbili

Fundi redio mmoja, waliyembandika jina la Masikio, alikuwa mkali kama pilipili kwa jambo moja: kanda za muziki wa jukwaani. Ukitaka kubadilishana naye, sharti uandike kwenye karatasi ya kanda nani alirekodi, kwa mashine gani, na nakala umeipata kwa nani. Ukimdanganya, urafiki umekwisha.

Miaka yote mkewe ndiye aliyemshikia maikrofoni kwenye matamasha. Safari moja mpiga tarumbeta alichemsha, akakosea noti, mama wa watu akaangua kicheko, kikaingia chote kwenye kanda. Masikio alimnunia wiki nzima. "Umeniharibia sauti!" Akatoa nakala isiyo na kicheko, kisha juu ya ile kanda yenyewe akarekodi bendi nyingine.

Mkewe alipofariki, Masikio alipekua makabati yote akitafuta sauti ya marehemu. Hola. Siku zote alikuwa akimwambia anyamaze. Akawapigia simu wenzake mmoja mmoja, huenda aliwahi kumpa mtu nakala kabla hajakikata kile kicheko.

"Ninayo, kaka," mmoja akamjibu. "Tena safi kabisa, karatasi uliniandikia mwenyewe."

Akamletea. Masikio akavaa miwani asome karatasi kwanza, kama desturi yake. Mahali, tarehe, mashine, vyote vilikuwepo. Chini kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: "Dakika ya kumi na mbili, kelele za mwanamke zimeondolewa."