Mukebe wa Waya

Niite mubaya, sitakataa. Mimi njo Mama Agnès. Bwana yangu Norbert, fundi wa reli hapa Albertville, alikuwa na kazi ya pembeni: kujaza tena maganda ya risasi za bastola. Mwaka wa 64 treni ya Kabalo ilikatika, risasi mpya hazifiki, basi wenye bastola wote wakajua njia ya kwetu.

Mwaka uleule Kapiteni Kizito alimuua mutoto wetu Emile pale bandarini, juu ya kitunga cha samaki wa mikebuka alichokataa kumupa bure. Mutoto mumoja tuliyekuwa naye! Kapiteni hakuuliza hata jina lake.

Kisha miezi mitatu, nani anabisha hodi? Yeye. Na maganda makumi mbili ndani ya kofia.

"Papa fundi, nataka vichwa vya risasi vizito. Na baruti ya kutosha."

Norbert akamujibu pole pole, utafikiri anaongea na padiri. "Kichwa kizito hakitaki baruti nyingi, Kapiteni. Vitagombana ndani ya bastola, na wewe njo utaumia. Chukua hivi vya katikati." Akamuchagulia kimoja kimoja, anavipima kwenye mizani ndogo ya dawa. Nikasema moyoni: Huyu ameua Emile, na wewe unamuchungia vidole!

Alipotoka nikamufokea Norbert. Akasema tu, "Kazi njo kazi, Mama Emile." Wee! Siku ile nilimuchukia bwana yangu karibu sawa na kapiteni.

Sasa sikia namna tulivyofanya. Norbert anajaza ganda la kwanza mwenyewe, anakwenda kulipiga kwenye ndoo ya muchanga nyuma ya jiko, kwa bastola yake kuukuu. Likienda vizuri, mimi namimina baruti katika yaliyobaki, yeye anagongea vichwa. Mikebe ya baruti ilikuwa miwili: mwekundu wa bastola, na mwingine wa baruti kali ambayo inaweza kupasua bastola. Ule mukali alikuwa ameufunga waya mupya.

Alipokuwa nje kwenye ndoo, nilifungua waya. Nikamimina ile kali katika maganda yote kumi na tisa, nikarudisha waya. Nilikuwa naimba.

Asubui kapiteni akarudi. Wengine, wale waliotuzoea, walichukua na kwenda zao. Huyu hapana, mwenye kumwaga damu anaogopa hata maji ya kunywa. Akachagua risasi moja, akaitia ndani ya bastola yake, akamupa Norbert. "Papa, anza wewe."

Norbert akaipokea bila wasiwasi, akaelekea kwenye ndoo. Nilitaka kupiga kelele. Nikamuangalia kapiteni, nikafikiri: nikisema, atatuua wawili, na yeye ataishi. Nilifikiri muda murefu kuliko ilivyofaa.

Bastola ikapasuka, vidole vitatu vya Norbert vilikwenda. Kapiteni akajipanguza damu ya Norbert kwenye shati. "Bahati njo wewe ulianza, Papa." Akaenda kutafuta fundi mwingine.

Kule hospitali Norbert hakuniangalia. "Ulimimina ya mukebe gani?"

"Wa waya."



"Mara ya kwanza, Agnès, kila muntu anamujaribisha fundi. Akiona risasi ni nzuri, anaamini. Mara ya pili anachukua na kwenda." Akainua ule mukono uliofungwa bandeji, akautazama. "Waya ule niliufunga nikingojea Kapiteni arudi mara ya pili."