Majani ya Upande wa Magharibi

Mama mkwe ndiye aliyempa mke wa mwanawe jina la Chapuchapu, wala halikuwa sifa. Chapuchapu akishika mzabibu, mkono hutangulia kichwa. Mwaka huo goti la mama mkwe liligoma, akamkabidhi mkasi na shamba zima kwa sharti moja: "Zabibu zikiungua na jua, mkasi unarudi kwangu, na wewe unarudi jikoni." Naye jiko alikuwa hataki hata kulisikia.

Kazi ilikuwa kuingiza machipukizi kati ya waya zinazoshikilia mizabibu, kuyakata ncha yakirefuka, na kung'oa majani yanayovifunika vichala ili vipate hewa. Majani hung'olewa upande wa jua la asubuhi tu, kwa sababu la alasiri halina huruma. Chapuchapu hakuwahi kuumiza kichwa kwa mambo ya pande. Kila siku aliingia asubuhi, akasimama jua likimpiga mgongoni, basi.

Siku hiyo mawingu yalitanda. Alichapa kazi mstari mzima huku akiimba, na alipokuwa anamalizia, mawingu yakaachana. Jua la asubuhi likampiga usoni: kumbe alikuwa upande wa magharibi.

Jani likishang'oka limeng'oka. Vichala vilikuwa uchi, na alasiri inakuja. Akaketi chini akalia, maana hakukuwa na wa kumwona.

Alipoinua macho kufuta machozi, akayaona machipukizi. Mstari huo hakuwa ameukata ncha, na mama mkwe alikuwa amemsimanga weee kwa uvivu huo. Yalikuwa yamepita waya wa juu, marefu ajabu. Akayachomoa moja moja, akayainamisha upande wa magharibi, akayafunga kwa kamba laini. Yakaning'inia mbele ya vichala kama pazia.

Mavuno yalipokaribia, mama mkwe alikuja akichechemea. Akafunua pazia, akakagua kichala hiki na kile, akaonja. Hakuna kilichoungua.

"Nani kakufundisha kuyaangusha machipukizi hivi?"

"Hakuna, mama. Nilikosea upande. Kulikuwa na mawingu."

Bibi yule akalirudisha pazia mahali pake.

"Mimi nilikosea hivyo hivyo nikiwa na mimba ya mumeo," akasema. "Mawingu haya haya. Ila mimi, kwa kiherehere changu, ncha zote nilikuwa nimeshazikata."

Akacheka mpaka akashika goti. Chapuchapu naye akacheka, akahisi kifua kimefunguka.

"Mkasi kaa nao," mama mkwe akasema, akigeuka kuelekea nyumbani. "Chai leo nainjika mimi."