Fundi wa mashine ya mpunga anayetaka kuulizwa kabla moyo wake haujaguswa

Saa mbili asubuhi, Chimala. Andendekisye Mwaisumo anazima mashine ya kukoboa mpunga, anachomoa fyuzi na kuitia mfukoni, ndipo anaingiza mkono kubadilisha chujio.

"Hapa anayeingiza mkono ndiye anayekaa na fyuzi," anasema. "Hata bosi akija, anasubiri."

Andendekisye, 47, ana kifaa kingine chini ya ngozi ya kifua: betri ya moyo, inayosukuma mapigo yake, aliyowekewa miaka minne iliyopita baada ya kuzirai mara tatu ndani ya wiki moja. Anaisifu kwa yeyote atakayemsikiliza.

Ugomvi wake ni na wanaoigusa bila kumwambia. Februari, katika kliniki ya hospitali moja jijini Mbeya, fundi aliweka kifuani kwake kisomeo, kifaa kinachowasiliana na betri kupitia ngozi, akapakia programu mpya. Dakika kumi tu, akaambiwa aende. Kumbe mpangilio unaoongeza mapigo anapobeba mzigo ulikuwa umezimika.

Kwa wiki mbili, gunia moja lilimtoa jasho la baridi.

"Nikajua nimezeeka. Nikaanza kumfundisha mtu kazi yangu," anasema. Hilo bado linamuuma.

Aliporudi kliniki tatizo likagundulika, mpangilio ukarudishwa, akaombwa radhi. Mwezi uliopita akaitwa tena. Safari hii programu ilikuwa ya kuziba upenyo ambao mtu mbaya akiwa karibu angeweza kuutumia kuingilia kifaa.

Andendekisye alifika na karatasi ya maswali matatu. Imetoka kwa nani, na mmehakikishaje? Itabadilisha nini? Ikileta shida, ile ya zamani itarudi?

Fundi mpya wa kliniki, Naima Iqbal, alijibu mawili. La tatu alikiri halijui.

"Baba, kuchelewa nako kuna hatari," alimwambia.

"Naijua, dada. Basi waulize walioitengeneza, haraka."

Akafunga vifungo vya shati, akaondoka. Nilikuwepo, na nakiri niliogopa kwa niaba yake.

Naima aliwaandikia watengenezaji. Jibu limefika juzi: ya zamani hairudi.

Jumatatu Andendekisye anakwenda Mbeya hivyohivyo. Ataomba mipangilio yake ichapishwe kabla na baada. Kisha atabeba begani kilo ishirini za mchele, apande ngazi za hospitali mara mbili, Naima akimpima mapigo. Yasipopanda, haondoki.

"Nitaikubali," anasema. "Ila nitaikubali mimi."