Mpango Ulioombewa

Kwa miaka ishirini na tisa kazi ya shangazi yangu ilikuwa kupanga ratiba ya shule ya sekondari. Walimu arobaini, madarasa kumi na nane, na haikutokea hata siku moja walimu wawili wakagongana mlangoni. Alipostaafu, jina la Mama Ratiba lilimfuata mpaka kanisani, ambako alichaguliwa kuwa katibu wa baraza la wazee. Mchungaji alikuwa kaka yake, yaani baba yangu.

Alikuta utaratibu wa ajabu. Kila mwezi wa kwanza katibu aliandika mpango wa mwaka. Wazee waliuwekea mikono, wakauombea kwa machozi, kisha wakaufungia kabatini. Kazi imekwisha. Jumapili ikifika, nani anahubiri, nani anafundisha watoto, kila mtu anamtazama mwenzake. Shangazi alipouliza mpango utafunguliwa lini, mzee mmoja, fundi viatu mwenye maneno, alimjibu kwamba ulishakabidhiwa kwa Mungu, na Mungu hasumbuliwi mara mbili kwa jambo moja. Wakacheka. Naye akacheka, kwa adabu.

Mwaka wa pili aliongeza ukurasa ambao hakuuondoa tena: kumwandaa mchungaji mwingine. Alikuwa ameona mambo. Baba alikuwa anaacha miwani kwenye kopo la sukari. Alifungisha ndoa akamwita bwana harusi kwa jina la marehemu baba wa kijana huyo. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nipo nyumbani nasubiri kazi, na niliyaona pia.

Shangazi alikuja jioni moja akaketi karibu naye.

"Kaka, chagua mtu sasa, umfundishe ungali na nguvu."

"Mtumishi huletwa na Mungu, dada. Nikimteua mimi, nimemfanya Mungu karani wangu."

"Mungu akimleta, atamkuta nani wa kumwonyesha kazi?"

Baba alitabasamu, akaniomba chai. Kikombe alichokwisha kunywea kilikuwa mbele yake.

Ukurasa ule ulipofika barazani mara ya tatu, uliombewa kuliko kurasa zote. Baadaye fundi viatu alimsindikiza shangazi hadi getini, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba na wao wanaona, hawajapofuka. Lakini nani atamwambia mtumishi wa Mungu kuwa amechoka?

"Wewe ni dada yake," alisema. "Mwambie wewe."

"Nimemwambia."

"Basi tuendelee kuomba, mama."

Jumapili moja baba alinyamaza katikati ya mahubiri. Alitutazama kama watu waliokosea nyumba. Mtu akasema amina, mwingine akaanza kulia, na kanisa zima likapaza sauti likidhani Roho ameshuka. Shangazi peke yake aliinuka, akapanda madhabahuni, akamnong'oneza sentensi aliyoikatisha. Baba akaisema. Akampa nyingine. Akaisema.

Tangu siku hiyo mahubiri yanaandikwa na shangazi kila Alhamisi, naye husimama begani kwa baba mpaka mwisho. Watu wanasifu jinsi kaka na dada wanavyotumika pamoja. Aliomba tena mtu wa kuandaliwa. Wazee wakamwuliza kwa nini, na huku mambo yanakwenda vizuri?

Jumapili iliyopita mafua yalimkausha shangazi sauti kabisa. Alinipa karatasi mlangoni na kunisukuma mgongoni. Mimi husahau hata jina langu nikiitwa mbele za watu. Nilisimama begani kwa baba nikasoma mstari wa kwanza, akausema. Wa pili, akausema. Macho yangu yalikuwa yameganda kwenye karatasi, nikawa nasoma kila kilichoandikwa, nisijue shangazi huweka humo na maneno yake mwenyewe ya kujikumbusha.

"Hapa mpe maji anywe," nilinong'ona.

Baba aliinua mkono wake wa kuume.

"Hapa mpe maji anywe," aliwaambia.

"Amina," kanisa likaitika. Fundi viatu alifungua daftari lake akaandika.

Shangazi, kwenye benchi la mbele, alifungua mdomo. Haikutoka sauti. Baba akaniinamishia sikio, mpole, akingoja nimwambie kinachofuata. Zilikuwa zimebaki kurasa tatu.