Nozbui na Tikiti la Jumatano

Nozbui alitekwa kwao Khorasani akiwa na miaka tisa. Mara nyingine alisema kumi. Mimi naandika tisa. Aliuzwa hapa Bukhara, akawa mjakazi wa jirani yangu Hoja Orif, mfanyabiashara wa hariri, kwa miaka ishirini na miwili.

Kazi yake ilikuwa matikiti. Kila vuli aliyafunga kwa matete na kuyaning'iniza ghalani, kisha kipupwe kizima aliyapapasa na kuyanusa moja moja, akijua lipi litaiva lini. Hoja Orif alijua kuyala tu.

Mwaka huo alikula matatu kwa mkupuo, tumbo likamvimba kama ngoma. Akigaagaa mbele ya imamu wa mtaa, akaapa: "Nikila tena tikiti kabla ya mwaka mpya wa Nauruzi, Nozbui yu huru!"

Kwetu kiapo cha namna hiyo hakina mchezo. Tikiti likishuka kooni, mtumwa ameshatoka utumwani.

Alipopata nafuu akajuta, lakini hakukosa ujanja. Nozbui alimsikia akimwambia mkewe, "Alhamisi Nozbui namuuza kwa binamu yangu. Ijumaa nakula. Akiwa si wangu, kiapo hakinigusi. Jumamosi namnunua tena."

"Na binamu yako akikataa kumrudisha?"

"Basi. Si nitakuwa nimeshakula?"

Fimbo ya binamu huyo ilijulikana mji mzima.

Jumatano Hoja alitualika kwa pilau, imamu na mimi. Tuliposhiba, Nozbui akaingia na tikiti la manjano, ganda limejaa nyufa kama tope kavu, harufu imemtangulia mlangoni. Akamkatia imamu, akanikatia mimi. Bwana wake akamruka.

"Hili la wapi?" aliuliza imamu, ndevu zikichuruzika.

"La humu humu, shehe. Ila watu wanasema ya Mulla Toshbek ni matamu zaidi."

Imamu akatafuna, akafikiri. "Kusema kweli, ya Toshbek yanalishinda kidogo."

"Toshbek!" Hoja alifoka. "Yule anayelima maboga akayaita matikiti?"

"Mimi nimeonja yote mawili, ndugu yangu. Wewe je?"

Hoja akanyakua kipande, akakitia chote mdomoni. "Haya, sasa niambie usoni kwamba..."

Shavu limetuna, macho yamemtoka.

"Tema!" mkewe alipiga kelele nyuma ya pazia. "Tema, mwanamume wewe!"

Nilimwona akijaribu. Midomo ilifunguka kidogo, juisi ikaanza kumtoka, akaivuta ndani. Kisha akafumba macho, akameza.

"Alhamdulillahi," alisema imamu, akijifuta mikono. "Nozbui, mama, kaa."

Akakaa palepale, kwenye mto wa Hoja.

Hoja alimtazama, akalitazama sinia. "Basi nikatie kipande kingine," alisema kwa sauti ndogo. "Maji yameshamwagika."

"Kisu hicho hapo," alijibu Nozbui. "Jikatie."