Hajira Hakufukuzwa Mkuza

Inasemwa hapa Mkuza, Kibaha, kwamba nilimfukuza mke wa mwanangu siku chache kabla ya Krismasi, akiwa mjamzito, kwa sababu dini yake si yetu. Wengine wameongeza kwamba nilirusha bakuli lake la keki mpaka barabarani. Hakuna bakuli lililorushwa. Hajira aliondoka kwa miguu yake, na sanduku la marehemu mume wangu, Bernard, na aliyelipanga sanduku hilo ni mimi. Nimefundisha shule miaka mingi na sina desturi ya kujitetea mbele za watu. Lakini Bernard aliliacha jina la nyumba hii likiwa safi, kwa hiyo jambo hili nitalieleza mara moja.

Hajira ni mtoto wa mwisho wa Mzee Mwinyimadi wa Mzenga, kule Kisarawe, watu wa mihogo na mikorosho tangu enzi za babu zao. Alikuja Mkuza kujifunza ushonaji. Alipanga chumba nyuma ya duka la dawa, na ili apate kula alikuwa akipika vitumbua asubuhi. Mwanangu Eliya anafanya kazi ofisini Dar es Salaam na hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Alianza kwa kununua vitumbua viwili, baadaye vinne, baadaye akawa anachelewa kazini. Walifunga ndoa bomani, kila mmoja akabaki na dini yake, wakaja kukaa nami. Waliosubiri kusikia nimepinga walisubiri bure.

Ni mfupi, ana mwanya, na huzungumza na unga. "Umuka basi, usinitie aibu," huuambia. Kuoka keki nilimfundisha mimi, kwa namna tunayooka wengi tusio na oveni: sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, mkaa chini, na mkaa mwingine juu ya mfuniko. Keki yake ya kwanza ilitoka nyeusi tii.

"Mama, imekuwa mkaa."

"Mkaa tunaletewa kutoka kwenu Kisarawe. Sasa umeamua kuutengenezea hapahapa?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mwaka uliofuata wanawake wa usharika wetu walikuwa wakiagiza keki zao za Krismasi kwake, na kila Desemba ikikaribia aliniuliza, "Mama, sikukuu yenu mwaka huu ni ya zabibu au ya maganda ya machungwa?"

Desemba iliyopita tumbo lake lilikuwa limeshatangulia mbele. Kwa kawaida mwezi huo tunapanda kwenda Marangu, kwetu, lakini safari ile ingemchosha, nikasema tutabaki. Nikatoa sindano zangu za kufumia. Marangu ni baridi, na mimi nimefuma tangu nikiwa msichana. Nikaanza kofia, soksi, na shali nyeupe ya mtoto. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye uzi. Jirani mmoja, ambaye sitamtaja, alipita akanitazama kibarazani.

"Mama Eliya, sweta Kibaha? Huyo mjukuu utamchemsha."

"Atavaa akienda kwao," nilimjibu.

Nilikuwa na mipango yangu. Kwetu, mwanamke akijifungua hulelewa na mama mkwe wake. Miezi mitatu hashiki ufagio. Analetewa mtori na supu chumbani, na wanaokuja kumwona wanamtazama shavu kwanza. Akinenepa, sifa ni ya mama mkwe. Akikonda, aibu pia ni yake. Nilikuwa nimeshaagiza ndizi za mtori kutoka Marangu, na chumba nilikuwa nimekipaka rangi. Nilipomaliza kufuma, nikazifua zile nguo, nikazipanga juu ya kitanda, kofia mahali pa kichwa na soksi mahali pa miguu, nione zitakavyokaa.

Jumamosi moja akaja Bi Kidawa, mama yake Hajira, na jogoo chini ya kwapa. Nilimkaribisha, nikampeleka moja kwa moja chumbani, maana nilitaka aone jinsi mwanawe anavyotunzwa. Alifika mlangoni akasimama. Hakuingia.

"Mkwe," alisema taratibu, "mbona nguo zimelala na mwenyewe hajafika?"

"Akifika atazikuta."

"Kwetu hatufanyi hivyo. Mtoto hupokelewa kwa kanga ya bibi yake. Nguo hutafutwa akishalia." Akageuza uso, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kisichofaa kutazamwa. "Na mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Nimemfuata mwanangu."

"Mwanao ni mke wa mtu, Bi Kidawa."

"Basi niazime mwanangu mwenyewe. Nitamrudisha."

Hajira alikuwa sebuleni, bakuli mapajani, anapiga siagi na sukari kwa ajili ya keki za watu. Eliya alikuwa amesimama kati ya sebule na ukumbi mwembamba, anatutazama kwa zamu.

"Mimi ngoja niwahi gari la kazini," alisema.

"Leo Jumamosi," mkewe alimwambia.

Akabaki palepale. Mimi nikaendelea. Nilisema kwamba hapa hospitali iko karibu, kwamba chumba kiko tayari, kwamba ndizi zimeshaagizwa. Sikupandisha sauti. Bi Kidawa naye hakupandisha, alimshika tu jogoo wake na kusema kwamba Mzenga nako wanawake wanazaa, kituo cha afya kipo, na mjomba wa Hajira ana gari. Mwiko ukaacha kugonga bakuli.

"Mama," Hajira alisema, na sote wawili tukaitika.

Alinitazama mimi. "Hapa sikosi kitu, mama. Ukinipikia mtori nitakula, na nitanenepa. Ila naogopa. Usiku nalala naogopa. Na nikiogopa namtaka mama yangu."

Nitasema kitu ambacho watu wa Mkuza hawakijui. Eliya nilimzaa Marangu, mikononi mwa mama mkwe mwema kuliko wote niliowahi kuwaona. Nilinenepa hata pete ikagoma kuvuka kidole. Na kila alipotoka na bakuli tupu la mtori, niliugeuzia ukuta uso wangu nikamlilia mama yangu, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Hajira mama yake yuko hai, na alikuwa amesimama sebuleni kwangu na jogoo.

Nilikwenda chumbani, nikazikunja zile nguo, nikazifungia kabatini. Nikashusha sanduku la Bernard. Niliweka kanga za Hajira, mafuta, kandambili, na shuka jipya. Sikuweka hata uzi mmoja wa mtoto. Bi Kidawa alisimama mlangoni akiangalia kila kilichoingia, na nilipofunga alisema, "Ahsante, mkwe." Jogoo aliniachia.

Kwa hiyo ndivyo alivyoondoka. Keki za watu zikabaki mikononi mwangu, na waliokuja kuchukua walinikuta jikoni peke yangu, macho mekundu kwa moshi. Hadithi yao walianzia hapo. Wangekaa kidogo, wangesikia simu ikiita.

"Mama, usifunue sufuria kabla ya wakati."

"Hajira, aliyekufundisha ni mimi."

"Ndiyo maana nakuambia."

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, Eliya alikodi gari. Nilipakia keki na mikungu miwili ya ndizi. Njia nzima sikuwa na raha. Nyama na wali nilikuwa nimevipika nikaviacha nyumbani tuje kula tukirudi, maana sikujua kama mezani kwa Bi Kidawa kuna nafasi yangu. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya Mzenga ilikuwa tope tupu. Tulifika na viatu vyangu vya kanisani vimebadilika rangi.

Bi Kidawa alikuwa kwenye banda la jikoni, anasuka ukili wa mkeka. Hakuinuka upesi.

"Karibu, mkwe. Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kula sikukuu."

Akanitazama, akatazama viatu, kisha akaita ndani, "Hajira, pakua. Mama yako amefika." Alikuwa amepika pilau, yeye ambaye siku ile kwake ni siku kama nyingine. Sikumuuliza alijuaje kwamba nitakuja. Hajira alitoka na sinia, miguu imevimba, uso umetulia kuliko nilivyouona mwezi mzima. Alikata keki, akaionja kwanza kabla ya kutugawia.

"Upande mmoja umezidi moto," alisema.

"Kula unyamaze," tulimwambia, mimi na Bi Kidawa kwa pamoja.

Baada ya chakula Eliya alilala kwenye mkeka, na mimi nikatoa sindano. Bi Kidawa aliacha kusuka.

"Hicho cha nani?"

"Chako. Ni shali. Utakesha na mzazi, utahitaji kitu cha kujifunika."

Alikishika kile kipande kilichokwisha kufumwa, akakivuta kupima nguvu, akanirudishia. Tukafanya kazi. Ukili wake ulikuwa mwembamba sana, wa rangi tatu, na nilipoutazama vizuri niliona kwamba mkeka ule hautamtosha mtu mzima.

"Na huo wa nani?" nilimuuliza.

Mikono yake ilisimama. "Ni mkeka tu," alisema, akauvuta chini ya kanga yake.

Nikaendelea kufuma. Hajira alijiinamia, mabega yanatikisika kwa kicheko. Bi Kidawa alimrushia ganda la ndizi, halafu akanigeukia mimi. "Arobaini atakaa hapa. Baada ya hapo njoo umchukue, umnenepeshe utakavyo."

Mtoto alizaliwa Mzenga, akapokelewa kwa kanga ya Bi Kidawa. Siku arobaini zilipokwisha nilikwenda, na leo mama na mtoto wako hapa Mkuza, na mashavu ya Hajira anayetaka aje ayatazame.

Sasa naulizwa kila ninapopita: mtoto anaitwa nani, amebatizwa, amesomewa dua, atafuata upande gani. Hayo tumeyazungumza sisi wenyewe, Mzenga, tumekaa chini, na tumekubaliana. Sitayasema.