Nenda Ukaone Kama Watakuruhusu

Nyumbani kwetu Randburg, Johannesburg, hatukuwa tunaagana. Nilipoolewa nilidhani ni kiburi cha ukoo. Mimi ni mtu wa Morogoro, na kwetu mgeni husindikizwa mpaka njia panda, akaagwa, akaitwa arudi, akaagwa tena. Huku nilikuwa nikichukua funguo za gari kwenda Fordsburg kununua iliki na mchele, baba mkwe wangu, ambaye tuliishi naye, haniambii kwaheri wala safari njema. Anainua uso kutoka kwenye redio yake na kusema, "Haya makoti, nenda ukaone kama watakuruhusu." Makoti ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto wao. Mwanzoni kauli hiyo ilinichoma. Mimi sijui kumeza maneno, basi nikamuuliza siku moja ni nani huyo wa kuniruhusu, yeye au mwanawe.

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanihadithia. Kiswahili chake alikipata Tanzania, alikokaa miaka mingi ya ukimbizi wa siasa, na alikisema vizuri kuliko wajukuu zake watakavyowahi kukisema.

Alipokuwa kijana alitoroka Afrika Kusini kwa miguu, akavuka mpaka na kuingia nchi jirani ambayo bado ilitawaliwa na Waingereza. Yeye na wenzake walihifadhiwa na mama mmoja mwenyeji, wakisubiri ndege ndogo ya kuwapeleka Tanganyika. Siku ya ndege waliaga kama inavyopasa. Waliimba, wakalia, na kila mmoja akamwachia yule mama blanketi lake, kwa kuwa waliambiwa waendako ni joto. Wakapanda. Injini tayari inanguruma, likaja gari la serikali. Askari wakaviringisha mapipa ya petroli mbele ya magurudumu, na bwana mmoja wa kizungu akasimama juani kuwasomea amri: kwa mamlaka ya hali ya hatari, chombo chochote cha majini au cha angani hakitaondoka ila kwa idhini ya Serikali.

"Cha majini," baba alikuwa akirudia kila alipofika hapo. "Nchi yenyewe haina bahari. Walikataza meli jangwani, makoti."

Basi wakateremka na kurudi kwa yule mama, vichwa chini. Jioni ikaingia baridi ya jangwani, ile inayong'ata mifupa, na hakuna aliyethubutu kudai blanketi alilokwisha kulitoa. Yule mama aliwakaribisha ndani. Alibandika uji, akaleta mablanketi, akamfunika kila mmoja kwa lake, kana kwamba hawakuwahi kuondoka. Idhini ilipopatikana baadaye, baba aliondoka na blanketi lake mkononi, na yule mama hakumuaga, kwa kuogopa aibu ya kuaga mara ya pili. Tangu hapo baba akajiwekea sheria: kwaheri husemwa chombo kikishaondoka.

Sheria hiyo aliifanya mchezo wa nyumba. Nikiwa na haraka asubuhi, alikuwa akisimama getini na funguo zangu mfukoni, anatangaza hali ya hatari. Hakuna chombo cha majini wala cha angani kitakachotoka bila idhini ya Serikali, na Serikali haijanywa chai. Wanangu, ambao nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, sentensi hiyo waliijua yote kwa Kiswahili. Nilikuwa nagombeza huku nacheka, narudi jikoni kumtilia chai.

Lakini sheria ilikuwa imemtoza kodi, na hilo alinieleza mume wangu, si baba mwenyewe. Mama yake, mke wa baba, alikuwa mtu wa kwetu Morogoro. Aliugua, ikabidi apelekwe Dar es Salaam kwa treni, akifuatana na dada yake. Stesheni, baba alimkalisha dirishani, akamwambia neno lake lile lile, aone kama watamruhusu, kisha akaenda kumnunulia machungwa. Treni za wakati ule zilichelewa kila siku ya Mungu. Siku hiyo haikuchelewa. Aliporudi na machungwa aliona mkia wake tu. Mama akafia hospitali, akarudishwa kuzikwa Morogoro. Pale kaburini watu wote walisema lao, baba akashindwa kufungua kinywa.

Ukimbizi ulipokwisha alirejea Johannesburg kwa barabara, na hakukanyaga tena Tanzania. Ndege hakuitaka kabisa. Mara mbili mume wangu alimkatia tiketi na mara mbili baba aligeuza njiani, mara ya pili tukiwa tumeshaingia kwenye maegesho ya uwanja. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi sikumlaumu, ingawa kwenye gari nilinuna mpaka nyumbani.

Mwaka 2017 daktari wa macho akatuambia ukweli. Presha ya macho imekwisha kula sehemu kubwa ya nuru yake, iliyobaki nayo itaondoka, na hakuna dawa ya kuirudisha. Mgongo wake haukuweza tena basi la siku kadhaa. Usiku huo, baada ya chakula, akaniambia mimi, si mwanawe, "Nataka kuliona kaburi la mama yenu kwa macho yangu. Sitaki kupapasa."

Basi hayawi hayawi, yakawa. Ilikuwa Novemba. Mume wangu alikuwa aende naye, mimi nibaki na watoto. Baba alivaa suti, akashika blanketi lake la kahawia, lile lile la jangwani, ambalo nilikuwa nimelishona upya kingo. Tulipita robot zote, yaani taa za barabarani, bila yeye kusema geuza. Tukakabidhi mizigo. Nikaanza kumshukuru Mungu, na hapo hapo mbingu ya Johannesburg ikapasuka. Ngurumo, mvua ya mawe, na ubao mkubwa ukaonyesha kwamba hakuna ndege itakayoruka.

Baba akasimama. Uso wake ulikuwa umekwenda mbali sana. Alisema alijua, akashika njia ya mlangoni, na mume wangu akabaki akiniangalia. Nilijua kabisa kwamba akitoka pale harudi tena, na macho hayatamngoja. Lakini kabla hajafika mlangoni alimsimamisha binti mmoja aliyevaa sare ya uwanja, akamuuliza kwa Kizulu, kwa sauti ya mtu anayetaka haki yake, ni nani aliyetoa amri.

Yule binti hakuelewa anaulizwa nini hasa. Akaangalia nje kwenye vioo, akamjibu kwa upole, "Hakuna aliyeamuru, babu. Ni mvua tu. Ikipita mtakwenda."

Baba naye akaitazama mvua. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Mvua tu, alirudia. Miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba chombo kinaweza kuzuiwa bila mtu yeyote kuamuru. Nilimshukuru yule binti moyoni, na bado namshukuru, maana hajui alichofanya. Eish, na mimi nililia pale mbele za watu.

Tukakaa kuisubiri mvua. Ilipopungua na ubao ukabadilika, baba alinyanyuka, akanifunika lile blanketi mabegani, na ndege bado iko chini. "Kwaheri, makoti," alisema. Nikamshika mkono.

Siku ya pili mume wangu akanipigia simu kutoka Morogoro. Baba alilitazama kaburi muda mrefu, akasoma jina, akaweka mfuko wa machungwa. Kisha akasema, "Kwaheri, mama watoto. Niliisikia treni, nikakimbia."

Macho yalimzimika majira ya baridi yaliyofuata. Aliporudi kutoka Morogoro nilikuwa nimempa blanketi lake akakataa, akasema limeshaagwa. Tangu hapo akawa anaaga kila mtu, hata mtoto anayetumwa maziwa kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Nami nikiwa nimeshawasha gari, nikamsikia dirishani akiniambia kwaheri, nilikuwa nazima injini, narudi mpaka kwenye kiti chake, naagwa tena.